Bunduki Tatu na Koti Moja

Wahenga waliposema mchagua jembe si mkulima, hawakuwa na maana kwamba jembe lisichaguliwe. Jembe lenye mpini mbovu humchubua mtu viganja, na hakuna mkulima asiyelijua hilo. Waliyemsema ni yule ambaye mvua imeshanyesha na majirani wameshapanda, naye bado yuko dukani anapima makali kwa kidole gumba. Mtu wa namna hiyo mara nyingi si mvivu. Pengine lipo jambo linalomtafuna moyoni, na kule kuchagua ndiko mahali pake pa kujificha. Hivyo ndivyo yalivyomfika Harlan Stordahl, katika majira ya baridi ya mwaka aliofiwa na baba yake.

Harlan alikuwa mfugaji wa ng'ombe mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mrefu kama mlingoti na mpole kama maji ya mtungini. Yeye na mkewe Marlys walikaa maili kumi na moja kaskazini ya mji mdogo wa Sandvik, katika nyanda za mashariki ya Montana, ambako upepo haukuti mti wa kuuzuia. Baba yake, mzee Alvin, alikuwa bingwa wa kuwinda koyote, wale mbweha wa nyika ambao baridi inapokaza huota manyoya mazito, ya kijivu mgongoni na meupe tumboni. Katika ukoo wa Stordahl ilikuwapo desturi moja. Kila aliyeondoka nyumbani kwenda mbali alishonewa koti lenye bitana ya ngozi za koyote, na kofia yake ikazungushiwa manyoya hayo ili upepo usimchome uso. Dada yake Harlan aliondoka nalo. Binamu yake aliyekwenda jeshini aliondoka nalo. Wote waliwindiwa na mzee Alvin.

Mwezi wa Oktoba, binti yao wa pekee, Renae, alipata barua. Alikuwa amehitimu ualimu na amekaa nyumbani miezi mitano akingoja kazi. Sasa kazi ilikuwa imepatikana, katika kijiji kimoja cha kaskazini kabisa mwa Alaska, na alitakiwa aondoke tarehe mbili Februari. Marlys alilia kidogo, akacheka kidogo, kisha akaoka mkate wa tofaa. Walipokuwa wakiula, Renae alimgeukia baba yake.

"Baba, babu hayupo tena. Koti langu utaniwindia wewe, siyo?"

"Sasa nani mwingine?" Harlan alijibu. Alicheka, lakini kahawa ilimmwagikia vidoleni, naye hakuifuta.

Fundi wa kulainisha ngozi na kushona alikuwa jirani yao, Ione Gustafson, mjane wa miaka sabini mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake cha kuchunia. Harlan alipompelekea habari, hakumkaribisha hata kiti.

"Nataka ngozi saba," alisema. "Moja ya kofia, sita za bitana. Zisiwe na matundu ya kupitisha kichwa cha paka. Na zinifikie kabla ya tarehe kumi Januari, kwa sababu ngozi hailainiki kwa maombi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama Ione."

"Kusikia ni kazi ya masikio. Nenda ukawinde."

Bunduki ya marehemu ilikuwa imetundikwa juu ya mlango wa jikoni. Ilikuwa ile ndogo waiitayo mbili-mbili-mbili kwa kipimo cha risasi yake, nyepesi, kitako chake kimepauka pale shavu la mzee lilipoegemea mwaka baada ya mwaka. Kila ngozi iliyowahi kutoka katika nyumba ile ilitokana nayo. Lakini Harlan alipoitazama alihisi kama kwamba mzee naye anamtazama.

"Mtutu wake umechakaa," alimwambia Marlys, ingawa hakuwa ameuchungulia. "Kazi hii inataka kitu cha kuaminika. Nitapita kwa Dutch."

Dutch Pfeifer alikuwa na duka la bunduki mjini, lenye jiko la kuni, birika la kahawa na viti vitatu ambavyo havikupoa kuanzia Novemba hadi Machi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda bunduki kama wengine wapendavyo farasi, na aliyemuuliza swali moja aliondoka na majibu kumi.

"Sikiliza, ndugu yangu," alimwambia Harlan akimmiminia kahawa. "Ngozi si nyama. Ukitafuta nyama, kazi yako ni kumwangusha mnyama. Ukitafuta ngozi, unataka aanguke papo hapo na vazi lake libaki zima. Ukienda na bunduki ya kulungu utampelekea Ione wavu wa samaki!"

Waliokaa vitini wakaangua kicheko. Dutch akateremsha bunduki moja nyembamba kutoka ukutani. "Hii hapa ni ya kumi na saba. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli. Inaingia kama sindano, inasambaratikia ndani, haitokei upande wa pili. Utamgeuza mnyama huku na huku ukitafuta alipopigwa."

Harlan aliinunua. Juma zima alifyatulia karatasi nyuma ya banda la ng'ombe. Siku tulivu, risasi zake tano ziliingia mahali ambapo ungeweza kuzifunika kwa kifungo cha shati. Lakini upepo wa Montana haulali. Ulipovuma, risasi zile nyepesi zilipeperuka kama unyoya wa kuku, akarudi dukani kichwa chini.

"Nilijua," Dutch alisema, japo hakuwa amesema. "Basi chukua hii, ishirini na mbili-mia mbili na hamsini. Hii inakimbia hata upepo haupati nafasi ya kuisalimia."

Ilikimbia kweli. Tatizo likawa risasi zake. Zilizo laini, zikigonga mfupa wa bega, hupasukia juu na kuacha shimo la ukubwa wa sahani. Ngumu hupenya moja kwa moja, na mnyama akaenda kufia asikojulikana. Harlan aliagiza aina nne kutoka mji wa Billings, akangoja siku kumi na mbili. Zilipofika, alianza kujaza maganda ya risasi mwenyewe kwenye meza ya jikoni, akipima baruti punje kwa punje kwa mizani ndogo ya shaba na kuandika kila kitu katika daftari la jalada jekundu. Familia ikawa inakula mapajani. Mkahawani, wakulima walimwita Profesa, nao hawakumkosea. Hakuna mtu katika wilaya ile aliyejua kuliko Harlan ni kasi gani na uzito gani wa risasi unaomfaa koyote kwa umbali upi, na upepo wa upande gani.

Na kila kulipokucha, ng'ambo ya bonde, koyote waliimba. Wakati mwingine walikuwa karibu hata ng'ombe wakainua vichwa. Renae aliyekuwa nje akiwamwagia ng'ombe majani makavu alisimama akawasikiliza, kisha akatazama dirisha la jikoni, ambamo baba yake alikuwa ameinamia mizani.

"Leo twende, baba?" aliuliza mara ya kwanza.

"Bado kidogo, mwanangu. Nirekebishe baruti."

Aliuliza mara ya pili, na ya tatu. Hakuuliza mara ya nne.

Katikati ya Desemba, Ione alifika na trei ya mayai. Alikuta mezani bunduki ya tatu, mbili-arobaini na tatu, nzito, ambayo Dutch alikuwa ameapa kwamba upepo hauitikisi. Ilikuwa imelazwa juu ya blanketi kama mgonjwa.

"Nimempiga mmoja jana," mama huyo alisema akivua glavu. "Nilikuwa dirishani kwenye banda la kuku. Nimempiga kwa bunduki ile ile iliyofungwa kitako kwa utepe, niliyoitumia tangu marehemu mume wangu akiwa na nywele. Na wewe, Harlan, hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu. Lakini nadhani hii, nikiipatia risasi ya..."

"Marlys!" Ione aliita. "Mumeo ana wachumba watatu wa chuma na harusi haionekani! Kuwa macho, atakuletea wa nne."

Marlys alicheka kwa sababu ya adabu. Alasiri ile aliingia bandani kutafuta ndoo, akaziona mbao za kuwambia ngozi zimesimama ukutani kama mzee Alvin alivyoziacha, kumi na mbili, zote tupu. Alikaa juu ya ndoo akawaza sana. Alimfahamu mumewe. Hakuwa mtu wa kupoteza muda. Uzio ukikatika usiku, kulipokucha ulikuwa umeshafungwa. Sasa nini hiki?

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia. Asubuhi ya tarehe tatu Januari, wakiwa kwenye chai, Harlan alifungua daftari lake.

"Nimegundua jambo," alisema. "Hii baridi inaipunguzia baruti nguvu. Dutch anasema kuna nyingine isiyojali baridi. Akiiagiza leo, pamoja na hizi darubini anazozifunga kwenye zile bunduki mbili, baada ya juma..."

Marlys aliweka kitambaa cha vyombo mezani, taratibu.

"Harlan, unaogopa nini?"

"Naogopa? Nani kasema naogopa? Mimi nataka tu ngozi za koti la mtoto zisiharibike."

"Miaka ishirini na tatu nimelala kando yako. Ulikuwa ukitoka na mzee kila majira ya baridi, na sijawahi kukuona umerudi ukasema, 'Leo nimepiga mimi.' Nilidhani mzee ni mchoyo. Sasa hayupo, na bado hupigi. Unaogopa nini?"

Renae alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka nje, theluji mabegani. Alisimama mlangoni asijue aende mbele au arudi nyuma. Harlan alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema hatimaye. "Mzee alikuwa amenunua ile bunduki mwaka huo huo. Akaniita kilimani, akanipa nipige. Koyote alikuja vizuri, mkubwa, mzuri kama nini. Mkono ukanitetemeka. Nikampiga mguu wa nyuma, ukavunjika, akakimbia nao unaning'inia. Tulifuata damu mpaka giza likaingia. Hatukumpata." Aliligeuza daftari juu chini. "Mzee hakusema neno maili tisa zote mpaka nyumbani. Kesho yake akaniambia, 'Kuanzia leo wewe utawaita kwa filimbi, mimi nitapiga.' Basi. Sijawahi kusahau ule mguu. Wala ile njia ya kurudi."

Marlys alizunguka meza, akamwekea mkono begani. Hakuwa na hasira tena.

"Pole, mume wangu. Lakini hilo halina dawa dukani kwa Dutch. Akuletee risasi ya dhahabu, tundu hilo halitazibika. Na mtoto anaondoka."

"Sasa nikikosea tena?"

"Ukikosea, utakuwa umekosea porini, si mezani kwangu," Marlys alisema. "Nami nitapata pa kuwekea sahani."

Renae alicheka akiwa pale mlangoni, na machozi yakimtoka. "Filimbi ya kuitia iko wapi, baba?"

"Mfukoni mwa koti langu. Kwa nini?"

"Wewe ulimwitia babu. Mimi nitakuitia wewe."

Bunduki mbili mpya zilikuwa kwa Dutch zikifungwa darubini. Ile ya kumi na saba ilikuwa bandani, mafuta yameganda ndani yake kama nta. Ilibaki moja tu. Harlan aliiteremsha kutoka juu ya mlango, akauelekeza mtutu dirishani na kuuchungulia kwa mara ya kwanza. Ulikuwa safi, unang'aa kama kioo. Katika droo mlikuwa na kisanduku cha risasi alizozijaza mzee mwenyewe. Harlan hakuzipima.

Walipanda kilima cha mashariki jua likiwa limepanda urefu wa fito, baridi kali hata kope zikashikana. Walikaa chini mbele ya kichaka kifupi cha nyikani, upepo ukiwapiga usoni, na Renae akapuliza filimbi. Ililia kama sungura aliyenaswa. Alipuliza, akanyamaza, akapuliza tena. Dakika kumi zikapita. Kisha doa la kijivu likatokea chini bondeni, likakua, likawa koyote anayekuja mbio akikata theluji kama mtumbwi unavyokata maji. Hatua mia na ishirini. Mia. Akasimama ubavu, masikio wima.

Mkono wa Harlan ulitetemeka vile vile kama zamani. Alifyatua. Koyote aliruka, akauma ubavu wake nyuma ya mbavu, akageuka na kutokomea kwenye korongo.

Harlan aliteremsha bunduki. "Nimeharibu," alinong'ona. "Nilijua. Nilijua tu."

Alingoja ule ukimya aliokuwa ameubeba miaka ishirini na saba. Lakini Renae alikuwa ameshasimama, anakung'uta theluji magotini.

"Haya, baba, twende tukamtafute. Umempiga, hawezi kufika mbali. Unaona damu ile pale? Mimi nitafuata alama, wewe tazama mbele."

Walifuata. Njia nzima Renae hakufunga mdomo. Alimweleza habari za mwalimu mkuu aliyemwandikia barua kwa penseli, akaanguka kwenye shimo la theluji mpaka kiunoni, akamcheka baba yake alipoanguka vile vile. Baada ya nusu saa wakamkuta koyote amelala chini ya ukingo wa korongo, anahema. Aliwatazama. Harlan alivuta pumzi, akapiga goti, na safari hii mkono ulitulia. Risasi moja, na mnyama akapumzika.

Harlan alimgusa shingoni, kwenye yale manyoya marefu. Hakuona aibu kwamba bintiye anamwona akilia.

"Mmoja," Renae alisema. "Kilima kinachofuata?"

"Kinachofuata," alijibu baba yake.

Siku ile hawakupata mwingine. Kesho yake walipata mmoja, tundu lake dogo hata Harlan alilitafuta kwa ncha ya kidole. Tarehe tano walirudi mikono mitupu, tarehe sita wakapata wawili, na tarehe nane Harlan alikosa kabisa, theluji ikatimka juu ya mgongo wa koyote, nao wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu. Tarehe tisa dhoruba ikashuka, ikaifunga nchi siku saba. Barabara zilipofunguliwa, Harlan alipeleka ngozi nne kwa Ione badala ya saba.

Yule mama alizipapasa moja moja, akizipuliza manyoya. "Hii ina matundu mawili."

"Ndiyo ya kwanza. Nilikosea, kisha nikaenda kumaliza."

Harlan alijiandaa kwa ule ulimi wake. Lakini Ione aliikunja ngozi ile kwa upole. "Nitayaziba. Ngozi isiyo na tundu, Harlan, ni ile ambayo mwenyewe bado anaivaa huko porini. Ila bitana haitatosha. Mgongo na kifua nitaweka manyoya, mikono na chini nitaweka blanketi. Ungeniletea Desemba, ningekushonea koti la malkia."

"Najua," Harlan alisema.

Asubuhi ya tarehe mbili Februari walisimama watatu kwenye jukwaa la stesheni, Renae ndani ya koti lake, uso wake umezungukwa na manyoya ya kijivu kama mwezi katika wingu. Marlys alikuwa akimfunga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Treni ilionekana kwa mbali.

"Mikono ni blanketi tu," Harlan alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuahidi lote."

"Mikono si kitu, baba, nitaiweka mifukoni." Renae aliinamisha kichwa, kisha akamtazama sawasawa. "Ninalolisikitikia ni jingine. Tangu barua ilipofika Oktoba nilikuwa hapa hapa nyumbani. Kila asubuhi niliwasikia wakiimba, nikasema moyoni leo baba ataniita twende. Tungekuwa na asubuhi themanini. Tumekuwa na tano."

Harlan alimkumbatia, na manyoya yakamgusa shavu, laini na ya moto. Treni ikafika, ikambeba mtoto wao, ikawa uzi mweusi kwenye weupe, kisha haikuonekana.

Marlys alimshika mkono kurudi kwenye gari. Mbele ya duka lake, Dutch alikuwa akikwangua theluji mlangoni. Alipowaona aliinua koleo kwa furaha.

"Profesa! Zile darubini ziko tayari! Halafu leo asubuhi nimeletewa bunduki moja mpya kabisa, njoo uione. Hii ndiyo yenyewe, hutahitaji nyingine maisha!"

"Asante, Dutch," Harlan alisema bila kusimama. "Ile iliyo nyumbani inatosha. Tangu zamani ilikuwa inatosha."

Alijua kila kitu kuhusu bunduki, mtu yule, na kwa miezi mitatu hakuwa mwindaji. Alikuwa mwindaji kwa asubuhi tano tu, akiwa na bunduki kuukuu, mkono unaotetemeka na binti yake kando. Asubuhi nyingine zote alizimaliza mezani, na hakuna duka linaloziuza. Kweli, mchagua jembe si mkulima.